Sikio la Vesona

Mashine ilizima katikati ya kipindi cha fizikia. Mwalimu Geofrey alikuwa ameugeukia ubao, anachora mishale ya nguvu na kueleza huku akiandika, na sauti yake ikakatika pale pale kama redio iliyochomolewa ukutani. Samiha alipenyeza vidole chini ya ushungi, akaigusa mashine iliyokaa nyuma ya sikio lake la kulia, akaizima, akaiwasha tena. Akabadilisha betri chini ya dawati. Taa ndogo ya kijani haikuwaka. Wenzake walicheka kwa jambo alilolisema mwalimu, naye akacheka, amechelewa kidogo.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Alizaliwa hasikii, na alipokuwa na miaka mitatu wafadhili walilipa akapasuliwa Dar es Salaam, akatiwa ndani ya kichwa kipande kidogo cha kampuni ya Vesona. Nje alivaa mashine ya kampuni hiyo hiyo, iliyoshikwa kichwani kwa sumaku. Mashine ya nje ilinasa sauti na kuipeleka ndani, na hivyo ndivyo alivyosikia. Bila ya ile ya nje, kilichokuwa ndani ya kichwa chake kilikuwa chuma tu.

Hakumwambia mtu. Mwaka uliopita ulikatika waya peke yake, waya mfupi kama kidole, na wazazi wake waliishi miezi mizima hawana mazungumzo mengine. Baba yake aliuza baiskeli. Mama yake alishona sare za skuli mpaka macho yakamvimba. Samiha aliyaona yote hayo, na mengi aliyasikia, kwa sababu waya mpya ulipotiwa, na deni lake bado linazungumzwa, mashine ilikuwa ikisikia vizuri sana, hata minong'ono ya chumba cha pili.

Kwa hiyo alisoma midomo. Alikaa mbele darasani. Alijibu "ndiyo" pale nyuso zilipoonesha kutaka ndiyo. Nyumbani kwao Wesha alijipa kazi za peke yake, akafua, akapiga pasi, akaingia kulala mapema.

Mama yake, Mwanamize, aligundua kwa bati la vifungo. Alikuwa kwenye cherehani, Samiha yuko mbele yake anapiga pasi, amempa mgongo. Mwanamize alimwita aje amtilie uzi kwenye sindano. Akamwita tena. Akanyoosha mkono kuchukua mkasi, kiwiko kikaligonga bati, likaanguka sakafuni kwa kishindo na vifungo vikatawanyika chumba kizima. Samiha aliendelea kuinyoosha kola ya shati, taratibu, upande mmoja kisha wa pili.

Mwanamize hakuviokota. Aliinuka akamzunguka mwanawe, akasimama mbele yake.

"Tangu lini?" aliuliza.

Samiha aliitazama midomo ya mama yake, kisha akaitazama pasi. "Tangu wiki iliyopita," alisema.

*

Duka la simu la Abdulsamad, kaka yake Mwanamize, lilikuwa Chake Chake, na ndilo lililokuwa na mtandao usiokatika. Jumamosi walikwenda wote: Jabir, baba yake Samiha, karani wa mizigo pale bandari ya Wesha, Mwanamize, Samiha mwenyewe, na Mwalimu Geofrey, jirani yao kutoka Bara, ambaye alijilaumu kwamba mtoto alikaa kiziwi darasani kwake siku zote zile na yeye hakuona.

Abdulsamad alimpigia wakala wa Vesona aliyeko Dar es Salaam, akaiweka simu juu ya kabati la vioo ili wote wasikie. Wateja wawili waliokuwa wanachagua makava nao wakasikia.

Sauti ya kijana mmoja ilikuwa na adabu nyingi. Alitaka namba ya mashine. Aliondoka kwenye simu kidogo, akarudi.

"Toleo hilo limeondolewa sokoni, mzee. Halitengenezwi tena, na vipuri vyake vimekwisha."

"Limeondolewa na nani?" Jabir aliuliza.

"Na kampuni, mzee."

"Mie sijaliondoa. Liko kichwani mwa mwanangu."

"Kipande cha ndani bado kinahudumiwa, usiwe na wasiwasi. Ni mashine ya nje tu. Kuna toleo jipya, zuri sana, linaunganishwa hata na simu. Haliingii maji."

"Bei gani?"

"Milioni kumi na tisa. Mkirudisha ile ya zamani mtapunguziwa milioni moja."

"Lahaula," alisema mmoja wa wateja, akaliweka kava chini.

Simu ilipokatwa Abdulsamad alianza kukifuta kioo cha kabati kwa kitambaa, kama mtu aliyetukanwa dukani kwake. Yeye ndiye aliyewashauri tangu mwanzo, wafadhili walipowaambia wachague kati ya kampuni mbili. Alisema chukueni Vesona, ni kitu cha hali ya juu.

"Kitu kizuri ghali, yakhe, hilo halina mjadala," alisema. "Cha ndani kimekaa kichwani mwa mtoto miaka yote hino, hakijamuuma hata siku moja. Kile cha rahisi kingekwisha kumfia zamani."

"Sibishi uzuri wake, Bwana Abdulsamad," Mwalimu Geofrey alisema. "Nabishia ufunguo, kwamba kampuni moja tu ndiyo inayoushika. Mashine ya nje ya kampuni ile nyingine ni nusu ya bei. Inafanya kazi ile ile. Kwa nini isimfae?"

"Haziingiliani. Kila kampuni na lugha yake."

"Nani aliamua kila kampuni iwe na lugha yake?"

"Ndiyo biashara, Mwalimu! Chaja ya simu hii haiingii kwenye simu ile."

"Simu ukichoka nayo unaitupa, unahamia nyingine. Huyu atahamia wapi? Apasuliwe tena?"

Mwanamize aliposikia neno kupasuliwa alifumba macho. Jabir alikuwa ameinamia kabati, anazitazama simu zilizopangwa ndani yake na vibandiko vya bei, kama vile jibu lingepatikana humo.

"Na kuna jingine," Geofrey aliendelea, sauti imeshuka. "Jana nilisoma mtandaoni kwamba Vesona inauzwa. Kuna kampuni kubwa zaidi inataka kuinunua. Tunaweza tukahangaika tukapata hizo milioni, halafu wanunuzi wakaamua kuifuta biashara yenyewe."

"Hakuna anayenunua kitu chenye faida ili akiue," Abdulsamad alisema. "Wakinunuliwa ndiyo watakuwa na nguvu zaidi. Mie nawajua watu wa biashara."

"Na faida yao iko wapi? Si ndiyo kina Samiha? Watu wasioweza kwenda duka la pili."

"Sasa Mwalimu unataka kusema nini? Kwamba tulimfunga mtoto?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema!"

Samiha alikuwa amekaa kwenye stuli karibu na mlango. Aligeuza uso kwa mjomba wake, akageuza kwa mwalimu, akarudi kwa mjomba; kila alipoufikia mdomo mmoja, maneno yalikuwa yameshahamia mwingine. Alipata "faida". Alipata "duka la pili". Neno "tulimfunga" alilisoma vizuri kabisa, kwa sababu mjomba wake alilisema akimnyooshea kidole yeye.

*

Taasisi moja ya hisani kutoka Unguja ilikubali kuwasaidia kuchangisha. Waliletewa kijana mwenye kamera na taa ya kusimama, mwenye haraka, maana alikuwa na mgonjwa mwengine wa kumrekodi Wete kabla ya adhuhuri.

Aliwakalisha kwenye mkeka. Aliwaomba waondoe jokofu lisionekane nyuma, kwani wachangiaji wakiona jokofu husema hawa si maskini. Jabir na jirani mmoja wakalisukuma mpaka jikoni. Kisha kijana akamtazama Samiha, akajigusa kichwani mwake mwenyewe, akazungusha kidole.

"Ushungi, Bi," alimwambia Mwanamize. "Avue kidogo tu. Wachangiaji lazima waione ile sumaku na alama ya upasuaji. Bila hivyo anaonekana mzima."

Mwanamize alimtazama mumewe. Samiha hakusikia, lakini alielewa kidole, naye akamtazama baba yake. Jabir alikuwa mtu wa kusema. Bandarini alikuwa akigombana na manahodha wenye mabega mara mbili ya yake kwa sababu ya gunia moja lisiloandikwa. Siku ile aliinamisha kichwa, akaanza kung'oa uzi kwenye ukingo wa mkeka.

Samiha alisubiri. Halafu akapeleka mkono shingoni, akaanza kuichomoa pini.

Mkono wa mama yake ukaudaka wake. "Basi," Mwanamize alisema. "Mpige picha alivyo."

"Bi, mimi nawatakia heri. Watu wanaguswa na wanachokiona. Na ukiweza, unapoelezea, ukatoa machozi kidogo..."

"Nilie?"

"Kwa hisia tu."

"Nililia usiku, baba. Hukuwepo na kamera yako."

Kijana akampiga picha alivyo. Video ilipowekwa mtandaoni ilichangisha milioni moja na laki tatu, na chini yake watu wakaandika. Mmoja aliandika kwamba mtoto ni mrembo, ataolewa hata asiposikia. Mwengine aliuliza kwa nini maskini wanataka vitu vya kampuni za matajiri. Samiha aliyasoma yote. Kusoma hakukuhitaji mashine.

Jabir hakulizungumza jambo la ushungi, si siku ile wala siku zilizofuata. Lakini tangu hapo alikuwa akila chakula chake barazani, na akimwona binti yake anapita, alijifanya anaitafuta simu mfukoni.

*

Abdulsamad ndiye aliyeipata mashine iliyokwisha kutumika. Kulikuwa na kundi la wazazi kwenye simu, na mama mmoja wa Mwanza alikuwa anauza ya mwanawe, ambaye jamaa zake wa ng'ambo walimnunulia toleo jipya. Ilikuwa mashine ile ile ya Samiha, rangi ile ile ya kijivu, nzima kabisa. Alitaka milioni mbili na nusu.

"Hapa hatubishani," Abdulsamad alisema. "Toleo moja, kampuni moja. Itakubali tu."

Hata Mwalimu Geofrey alikubali. Walichukua zile za video, Mwanamize akauza cheni yake ya harusi, Jabir akaomba mshahara wa mbele kazini, mashine ikaja kwa boti imefungwa kwenye boksi la dawa ya meno. Nyumba ilijaa siku hiyo. Mwanamize alimfungulia mwanawe ushungi chumbani, akaiweka mashine nyuma ya sikio, na sumaku ikajishika yenyewe kichwani, *tap*, kama iliyokuwa ikiijua njia. Taa ikawaka.

"Samiha," mama yake alimwita. "Samiha, mwanangu."

Taa ilikuwa nyekundu. Ikapepesa, ikapepesa, ikazima. Samiha alitikisa kichwa kidogo kidogo, akitazama uso wa mama yake, na uso huo ukabadilika mbele yake polepole mpaka akatamani asingekuwa anauona.

Safari hii Abdulsamad alipiga simu ya picha, na aliyepokea alikuwa mtaalamu wa usikivu, dada mmoja aitwaye Anjela, mwenye koti jeupe. Alimsikiliza mpaka mwisho. Aliomba aoneshwe namba iliyochongwa nyuma ya mashine.

"Hii imesajiliwa kwa mtoto mwingine," alisema. "Inakitambua kipande cha ndani cha yule mtoto tu. Ikikutana na kingine, inajifunga. Ni kwa usalama, isije ikamtia mtu sauti iliyopimwa kwa kichwa kisicho chake."

"Basi ipimeni kwa kichwa chake," Jabir alisema. "Si ndiyo kazi yenu?"

"Nikitaka kuipima upya, kompyuta yangu inaomba kibali kutoka makao makuu. Nimewahi kuomba kwa ajili ya watu wengine, mzee. Hawatoi kwa mashine ambazo hazikununuliwa kwa wakala."

"Imenunuliwa kwa wakala! Yule mama wa Mwanza aliinunua kwenu!"

"Yeye ndiyo. Ninyi hapana."

Abdulsamad alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Aliifungua midomo aitetee kampuni, kwa mazoea, kisha akaifunga. Alipokata simu alikaa juu ya kitanda cha dada yake bila kukaribishwa. "Mie n'likuwa najua simu," alisema. "Dada, mie n'likuwa najua simu tu." Mwanamize alimpelekea chai, na hakumlaumu, na hilo lilimuumiza zaidi.

*

Kilichobaki kilikuwa shamba la Gando. Jabir na ndugu yake mkubwa, Bakar, walirithi mikarafuu ya baba yao, nusu kwa nusu, na Bakar ndiye aliyekaa huko akaitunza. Jabir alimwita aje Wesha. Bakar alikuja na ndizi na hamu ya kusema lile alilokuwa akilisema tangu zamani.

"Mie kununua sehemu yako ntanunua," alisema baada ya kula. "Sitaki iende kwa mgeni. Lakini niambie, yakhe, tunanunua nini? Kesho kutwa watasema toleo hilo nalo limeondoka. Utauza nini tena? Nyumba?"

"Ni mtoto, kaka."

"Kwani nimesema si mtoto? Nakwambia, kuna viziwi kuno kwetu wameoa, wameolewa, wana biashara zao. Wanazungumza kwa mikono. Afundishwe. Na sie tujifunze. Mikono haiondolewi sokoni."

Mwalimu Geofrey, ambaye sasa alikuwa kama mtu wa nyumba, alisema kwamba wazo hilo si baya, ila Samiha amezoea kusikia, na mtihani wa taifa hauko mbali, na skulini hakuna mwalimu hata mmoja wa lugha ya alama.

"Kwa hivyo wewe unasema tununue, wewe uliyesema kampuni inakufa?" Abdulsamad alimrukia.

"Nasema sijui! Tukinunua tumekamatwa, tusiponunua tumekamatwa."

"Siku zote hizi umelipigia kelele jambo hili, leo hujui!"

"Na wewe uliyejua imetusaidia nini?"

Wakazungumza wote kwa pamoja. Jabir alitaja bei ya karafuu ya mwaka huu. Bakar aliikataa bei hiyo. Mwanamize alisema jambo ambalo halikusikika. Abdulsamad akasema hata hivyo toleo jipya lina dhamana, Geofrey akauliza dhamana ya nani, ya muuzaji au ya mnunuzi anayekuja.

"Semeni mmoja mmoja!"

Sauti ilikuwa kubwa kupita kiasi, nzito, haikupimwa, kwani mwenyewe hakuwa akiisikia. Samiha alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba.

"Munazungumza juu ya kichwa changu," alisema. "Tangu dukani kwa mjomba munakizungumza, na hakuna hata mmoja anayenigeuzia uso. Mukiamua nisisikie tena, muamue. Lakini muniambie munanitazama."

Mwalimu Geofrey alivua miwani.

Bakar ndiye aliyegeuka kwanza, akaukaza uso wake kuuelekeza kwake, akatamka kila neno polepole mpaka likawa kubwa mdomoni. "Unataka nini wewe, mwanangu?"

Samiha alifikiri. Hakuwa amejiandaa kuulizwa.

"Nataka kusikia, ami," alisema. "Mikono nayo nataka. Najua itazima tena. Mie ndiye ninayeivaa, najua kuliko nyinyi. Lakini nataka kusikia sasa. Siwezi kuacha kusikia sasa kwa sababu ya siku ambayo haijafika."

Halafu akamtazama baba yake, na Jabir, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kamera, hakuitafuta simu mfukoni. Alimtazama mwanawe na machozi yakamshuka mpaka kwenye ndevu.

"Siku ile ya ushungi," alisema, anatamka taratibu ili asomeke, "n'likuwa baba mbaya."

"Najua," Samiha alisema.

Bakar alinunua. Hakumpa Jabir bei ya soko, wala Jabir hakuitaka, kwa kuwa ndugu yake naye ilibidi akope kwenye ushirika ili atimize. Walipeana mikono kwenye baraza mbele ya sheha. Jabir, aliyezaliwa chini ya mikarafuu ile, tangu siku hiyo alikuwa akienda Gando kama mgeni.

*

Ofisi ya wakala Dar es Salaam ilikuwa ghorofa ya tatu, ina baridi ya kiyoyozi na picha kubwa ya mzungu mzee anacheka na mjukuu wake. Jabir aliingia na begi amelikumbatia kifuani. Samiha alivaa baibui jipya aliloshonewa na mama yake kwa safari hiyo.

Anjela alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana kwenye simu. Alimwangalia Samiha usoni alipozungumza naye, na Samiha akampenda kwa hilo. Akampa Jabir mkataba, kurasa nyingi kwa Kiingereza na muhtasari mmoja kwa Kiswahili.

"Kabla sijatia saini nina maswali," Jabir alisema.

"Uliza, mzee. Mimi huku namwandaa binti."

Alimkalisha Samiha mbele ya kompyuta nyuma ya pazia jepesi, akamsaidia kuulegeza ushungi, akaitoa mashine mpya kwenye kisanduku cheupe. Ilikuwa ndogo kuliko ya zamani, nyepesi kama ganda la karanga. Jabir alibaki upande wa pili wa pazia, amesimama na karatasi mkononi.

"Hapa pameandikwa vipuri vitapatikana kwa miaka saba," alisema.

"Ndiyo."

"Miaka saba mwanangu atakuwa na ishirini na moja. Atakuwa chuoni, au kazini, au ana mtoto mchanga anayelia usiku. Ikizima?"

"Atanunua toleo litakalokuwepo wakati huo."

"Na toleo hilo likiwa haliingiliani na kilichomo kichwani?"

"Mpaka sasa, mzee, kampuni imehakikisha kila toleo jipya..."

"Mie siulizi ya mpaka sasa. Na hawa wanaoinunua kampuni, wameandika wapi kwamba watazishika ahadi hizi? Nimetafuta, sikuona."

Vidole vya Anjela vilikuwa juu ya kibodi. Kompyuta ilimwonesha mstari wa kijani, kisha mwingine, na kwa kuwa ndiyo kazi yake, alibonyeza.

"Naweza kurudi na pesa zangu," Jabir alisema, na sauti yake ilianza kukwaruza. "Boti ya jioni ipo. Nimeuza shamba la baba yangu. Mtu akiuza shamba la baba yake ana haki ya kuuliza kitu anachonunua kitaishi mpaka lini. Nijibu tu, dada. Wakifunga hiyo kampuni, nani atakuja kumwashia mwanangu?"

Anjela alikaza macho kwenye kompyuta. Kiyoyozi kilivuma. Chini barabarani gari lilipiga honi, ndefu.

"Baba," Samiha alisema.

Jabir alitulia na karatasi zake.

"Mwache, baba. Naye hajui."

Pazia lilikuwa kati yao. Jabir akalivuta pembeni. Samiha alikuwa amekaa wima, mikono kwenye mapaja, uso umekunjamana kwa wingi wa sauti zilizomwingia kwa pamoja. Alikuwa akilia na kucheka, na kila alipocheka alishituka kidogo kwa kicheko chake mwenyewe.

"Inasema kama bati," alisema. "Sauti yako. Kama uko ndani ya bati."

"Itazoeleka," Anjela alisema kwa unyonge. "Siku chache tu. Tutakuwa tunairekebisha."

Jabir alitaka kusema jambo, akajikuta anaogopa kulisema vibaya. "Samiha," alisema tu.

"Naam, baba."

Akarudi mezani. Alikuwa na maswali mengine, ameyapanga tangu kwenye boti, lakini sasa hakuna hata moja lililokuwa na nguvu. Isingewezekana tena kumwambia dada yule aivue, airudishe kwenye kisanduku. Anjela aliusogeza mkataba kwake bila kumtazama, akauweka na kalamu juu yake, na Jabir akaelewa kwamba hata huyu alijua vilevile ni kwa nini mashine huwashwa kwanza na saini hutiwa baadaye.

Alifungua begi, akazitoa pesa. Kisha akatia saini kila ukurasa aliooneshwa kwa kidole. Alipofika mwisho Anjela alimwomba, kwa upole, aurudie ule wa mwisho, kwa sababu saini yake haikufanana na za mwanzo.